Pengo Alilokuwa Akiacha Normand

Walisema Onezime Daigle hakufa kwa moyo. Walisema aliuawa na jiko lake.

Niliyasikia hayo Jumamosi ya kwanza ya Novemba, kwenye chakula cha maharage katika ukumbi wa parokia, nikiwa nimeshika sahani. Aliyeniambia ni Thelma Saucier, jirani yangu wa barabara ya juu. Yeye ndiye hupakua maharage kila mwezi, kwa hiyo hakuna anayeweza kumkwepa. Aliinama juu ya sufuria akasema kwa sauti ya chini kwamba watoto wa Onezime wanaficha, ila mzee alikutwa kwenye kiti chake na jiko la vidonge vya mbao likifuka mbele yake. Na kosa, alisema, ni la vidonge vyenyewe, vile vya mfuko wenye picha ya dubu. Eti wamesaga mbao za nyumba zilizobomolewa, na rangi yake na gundi yake, wakashindilia vidonge, wakatuuzia.

"Wewe unatumia vya mfuko gani?" akaniuliza.

Nikasema sikumbuki. Nilikumbuka vizuri sana. Mifuko arobaini ya dubu ilikuwa imepangwa barazani kwangu hadi usawa wa dirisha.

Nawaandikia akina mama wenzangu, hasa ninyi mliobaki peke yenu kwenye nyumba iliyojengwa kwa ajili ya watu sita. Someni mpaka mwisho, hata kama mnadhani jiko lenu mnalijua.

Mume wangu Normand alifariki Aprili, theluji ikiwa bado haijaisha kwenye kivuli cha ghala. Jiko la vidonge aliliweka yeye mwenyewe miaka kumi na moja iliyopita, sebuleni, kwenye ukuta wa nyuma. Lina tangi mgongoni unamomimina vidonge vya unga wa mbao, parafujo inavisukuma kidogo kidogo hadi kwenye kikombe cha moto, feni inapuliza, na wewe unakaa mbele ya kioo unatazama. Normand ndiye aliyelilisha na ndiye aliyelisafisha. Kazi yangu mimi ilikuwa kulalamika juu ya majivu kwenye zulia.

Na kila Oktoba, viazi vikishang'olewa, Normand aliivisha nyumba. Huku kwetu bondeni nyumba za zamani haziingii majira ya baridi zikiwa uchi. Unazungushia msingi nailoni, unaipigilia kwa fito, halafu unapanga marobota ya nyasi kavu pande zote, na theluji ikija inamalizia yenyewe. Upepo haupiti chini ya sakafu na mabomba ya maji hayagandi. Nyumba ambayo haijavishwa hadi Siku ya Watakatifu Wote, watu wakipita huitazama kama mtoto aliyetolewa nje bila koti, na wanamfikiria mama yake.

Normand aliivisha vizuri, isipokuwa nyuma. Upande wa kaskazini, kwenye kichaka cha maua ya zambarau, kila mwaka aliacha pengo. Alisimamisha hapo nusu ya pipa la viazi, yale ya zamani ya mbao za mwerezi, akapanga marobota kulizunguka, akaenda zake kunywa kahawa. Upande ule ule unakotoka upepo. Miaka kumi na moja nilimcheka. Nilimwambia ameivalisha nyumba suruali akasahau kufunga zipu. Nilimwambia hata mbele ya kaka zake, nao wakacheka mpaka mmoja akamwaga bia.

"Iache ipumue, Leola," alikuwa akisema.

Basi. Hakuwahi kusema zaidi na mimi sikuwahi kuuliza, kwa sababu jibu nilishajipa mwenyewe: uvivu.

Oktoba hii niliivisha mwenyewe. Marobota yaliletwa na mkulima wa ng'ambo ya barabara, akayashusha mlangoni kwa trekta, na mimi nikayasogeza na toroli moja baada ya jingine kwa siku nne. Nina miaka sitini na sita. Nilipofika nyuma nikapiga nailoni moja kwa moja kutoka kona hadi kona, nikapanga marobota mawili kwenda juu, yakabana barabara. Kichaka nikakifunga kamba kisinisumbue. Lile pipa nusu nililikuta ghalani, nikampa Thelma, maana kwa muda mrefu alitaka chombo cha kupandia maua. Nikasimama barabarani nikaitazama nyumba yangu. Kwa mara ya kwanza ilikuwa imefungwa pande zote. Nikaipiga picha nikamtumia binti yangu Janelle, naye akajibu kwa alama ya kidole gumba.

Janelle anaishi Portland, mwendo wa saa sita kwa gari kwenda kusini. Agosti alijifungua mtoto wa kike, Elodie. Mjukuu huyo nilimbeba siku tatu tu mwezi Septemba, nilipoteremka kwa basi, nikarudi. Baada ya hapo nilimwona kwenye simu, na mtoto wa kwenye simu humnusi kichwa. Kwa hiyo Janelle aliposema watakuja baada ya Krismasi, yeye na mtoto, siku kumi, mimi nilianza kuhesabu tangu siku hiyo. Sikumwambia mtu. Nilianza tu kuhesabu.

Lakini aliweka sharti. "Mama, nyumba iwe na joto la kutosha. Lile jiko likianza vituko vyake niambie mapema. Tutafikia kwa kina Derek, si vibaya, halafu tutakuja kukusalimia mchana."

Derek ni mkwe wangu. Wazazi wake wako dakika arobaini kutoka hapa, kwenye nyumba mpya ambayo joto linatoka sakafuni bila sauti. Ni watu wema. Sina neno nao. Ila nilijua kwamba mtoto akilala kule mara moja, kulala kwake kutakuwa kule miaka yote.

Katikati ya Novemba kioo cha jiko kikaanza kuwa cheusi. Zamani nilikifuta mara moja kwa wiki, sasa ikawa kila siku. Moto nao ukabadilika. Ulikuwa mfupi, mweupe, unacheza. Ukawa mrefu, mzito, rangi ya chungwa bovu, unajikokota kama mtu asiyetaka kuamka. Kikombe cha moto kikawa kinajaa vidonge ambavyo havijaungua vizuri, na siku nyingine nikiamka nakuta jiko limezima lenyewe.

Mnajua nilifikiria nini. Nilimfikiria Onezime kwenye kiti chake.

Nikaitoa mifuko yote ya dubu barazani, mmoja mmoja, nikaipeleka ghalani na kuifunika turubai kama maiti. Nikaagiza vidonge vingine vya mfuko mweupe. Nikawa navichekecha kwa chujio la unga nitoe vumbi, jioni nzima, redio ikisema na mimi nikimjibu. Nikalisafisha jiko ndani kwa mashine ya kufyonza vumbi. Nikakwangua kikombe kwa bisibisi. Nikabadilisha mkanda wa mlango, ule unaoziba moshi usitoke, kwa kufuata karatasi ya maelekezo ambayo Normand aliihifadhi kwenye Biblia, sijui kwa nini humo. Siku mbili moto ukawa afadhali. Halafu ikaanguka theluji ya kwanza kubwa, ikashindilia marobota yangu ikaganda, na jiko likawa baya kuliko mwanzo.

Kwenye rafu ya juu ya jiko kulikuwa na kengele ya hewa ya sumu. Normand aliifunga siku alipoweka jiko. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, inatoka kwenye moto usioungua sawasawa, na kengele ndiyo pua yako. Mwanzoni mwa Desemba ililia. Mara nne, ikanyamaza, mara nne tena. Nikafungua madirisha, ikaacha. Nikasema ni zile takataka za dubu zimebaki kwenye parafujo. Siku ya tatu yake ililia nikiwa naongea na Janelle.

"Nini hiyo, Mama?"

"Maikrowevu," nikasema. "Napasha supu."

Nilikuwa na siku ishirini tu zimebaki. Nikakata simu, nikaishusha kengele, nikaitoa betri, nikaiweka kwenye droo ya vitambaa vya jikoni. Nilijiambia imezeeka. Kitu cha miaka kumi na moja kina haki ya kuchanganyikiwa.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo penye hatari kwa mtu anayeishi peke yake.

Mwezi huo wote nilikuwa naumwa kichwa. Asubuhi kilikuwa kizito kama nimefungwa kitambaa kibichi. Miguu ilichoka kabla sijafanya kazi. Nilikaa kwenye kiti nikautazama mto kupitia dirishani mpaka chai ikapoa, nikasahau kwamba niliitengeneza. Siku nyingine nilisimama katikati ya chumba nikiwa nimeshika soksi ya Normand, nisijue niliitoa wapi. Na Jumapili nikienda misa, nikikaa kwenye benchi na watu, kichwa kinafunguka, nacheka, nasimama nje na wenzangu hata kwenye baridi kali sitaki kuondoka. Nikirudi nyumbani, baada ya saa moja, uzito ule ule unanikalia mabegani.

Nilidhani ndio upweke wenyewe. Hakuna aliyewahi kunieleza ujane una dalili gani. Nilifikiri ndivyo unavyokuwa, kwamba unaingia mwilini kama mafua na unapona ukiwa na watu. Padri alinishika mkono akaniambia huzuni inachukua muda. Nikamwamini, kwa nini nisimwamini? Niliivumilia hewa ile ya sumu kwa mwezi mzima nikidhani ni mume wangu ninayemkosa.

Nilimpigia fundi. Huku kuna fundi mmoja tu wa majiko haya, Gilman Pelkey, na wakati wa baridi anasubiriwa kuliko daktari. Alisema hawezi kufika kabla ya Januari, ila tulijaribu kwa simu. Akaniambia nifungue mlango wa kioo kidogo tu, upana wa kidole, nitazame moto. Nikafungua. Moto ukaruka juu, ukawa mweupe, ukawa kama zamani.

"Basi linakosa hewa, mama," akasema. "Nenda nje kaangalie bomba. Liko wazi?"

Nikavaa buti nikatoka. Bomba la moshi liko pembeni mwa nyumba, juu kidogo ya kichwa changu, na moshi ulikuwa unatoka. Nikarudi nikamwambia liko wazi kabisa.

"Una hakika? Pale nyuma pia?"

"Bwana Pelkey, nyumba hii nimeivisha kwa mikono yangu. Nyuma hapapiti hata panya."

Nadhani kulikuwa na mtu mwingine anampigia. Akasema basi nisafishe tena ndani, na nikiona moshi chumbani nizime mpaka aje. Nikasema sawa. Sikuzima. Ningezima ningemlaza wapi mtoto?

Tarehe ishirini na saba Janelle aliingia uani saa saba mchana. Nilikuwa dirishani tangu saa nne. Alimshusha Elodie na kiti chake, amefungwa kama mkate wa moto, na nilipofungua lile blanketi akanitazama akakunja uso kama Normand alipokuwa akisoma barua ya serikali. Nililia. Janelle akasema, "Haya, Mama, umeanza," na yeye akalia.

Nilikuwa nimejaza tangi hadi juu. Nyumba ilikuwa na joto. Nilikuwa nimefuta kioo mara mbili asubuhi hiyo. Tulikula pai ya nyama, tukaongea juu ya baba yake, na Janelle akasema nyumba inanukia kama zamani. Niliona fahari. Siku ile sikukumbuka kichwa wala miguu. Nilimbeba mtoto mpaka mkono ukafa ganzi, nikakataa kumtoa.

Asubuhi ya pili baridi ilikuwa ishirini chini ya sifuri. Nikapandisha jiko hadi mwisho. Nilikaanga ploye, zile chapati zetu nyembamba, Janelle akala mbili tu, yeye ambaye alikuwa akila nane. Alisema kichwa kinamgonga, labda ni safari. Akajilaza kwenye kochi. Elodie alikuwa kwenye kikapu, hatua nne kutoka kwa jiko, amelala. Saa tatu ndiyo saa yake ya kunyonya. Ikapita. Saa nne ikapita.

"Mtoto mzuri huyu," nikasema. "Anajua yuko kwa bibi yake."

Janelle alinyanyuka polepole, akamgusa shavu, akamwita. Mtoto akafungua macho nusu, akayafumba. Akamwita tena. Akaniomba kitambaa kibichi amfute uso. Mimi nilikuwa na mikono ya unga, nikamwambia fungua droo.

Alifungua droo ile.

Nilikuwa nimempa mgongo. Nilipogeuka alikuwa ameshika kengele mkono mmoja na betri mkono mwingine, anazitazama kama mtu aliyekuta meno ya mtu. Akairudisha betri mahali pake, na kabla hajakibana kifuniko ile kengele ikapiga kelele, mfululizo, haikuacha.

Alimchukua mtoto na kikapu chake akatoka nje bila koti. Nikamfuata na makoti yote. Tukaingia kwenye gari lake, akawasha injini, akafungua vioo vyote kwenye baridi ile, akamkumbatia Elodie kifuani ndani ya sweta akawa anampapasa mgongo na kumwita jina. Alikuwa amepiga simu ya dharura, na mimi nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma nimeshika soksi moja ndogo.

Baada ya muda alinitazama kwenye kioo cha dereva.

"Ulisema ni maikrowevu."

Nikaikunja soksi ile ndogo kiganjani.

Elodie alilia. Alianza kulia pale kwenye gari, kwanza kama paka, halafu kwa nguvu zote, na sijawahi kusikia sauti tamu kama ile na sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa kabla yake. Zimamoto wa kujitolea walifika, watatu, wawili kati yao niliwafundisha katekisimu. Mmoja aliingia na kipimo, akatoka haraka kuliko alivyoingia, akasema kipimo kimepita mia moja na hamsini, kiwango cha hatari, na kwamba wote twende hospitali. Tulipewa hewa safi ya kuvuta, sisi wakubwa kwa barakoa, mtoto kwa kikofia cha plastiki. Daktari alisema mtoto hana madhara. Alisema pia, akiangalia karatasi yangu ya damu, kwamba mimi nimekuwa nikivuta hewa hii muda mrefu. Aliniuliza kama sikuona dalili. Nikamwambia nilizikosea.

Janelle na mtoto walilala kwa kina Derek. Siku nane zilizobaki zote.

Pelkey alikuja kesho yake, si Januari, maana zimamoto walimpigia wenyewe. Hakugusa jiko. Alizunguka moja kwa moja nyuma ya nyumba na koleo, akafika kwenye kichaka nilichokifunga kamba, akaanza kuchimba. Theluji, robota, robota lingine, nailoni. Alipoikata nailoni kwa kisu, hapo ukutani, chini, usawa wa goti, palikuwa na kibomba cha upana wa kikombe cha chai, na mdomoni kina wavu. Nilikuwa nimekiona Oktoba. Nilidhani ni cha mashine ya kufulia ya zamani.

"Hapa ndipo jiko linapovutia pumzi," akasema. "Lile la juu linatoa. Hili linaingiza. Mume wako alikuwa anaweka nini hapa?"

Nikamwambia nusu ya pipa la viazi.

Akatikisa kichwa. "Huyo alijua kazi."

Akawasha jiko. Moto ukatokea mfupi, mweupe, unacheza. Kioo hakikuwa cheusi siku ile wala siku ya pili yake. Hakuna kitu kilichoharibika, hata msumari mmoja. Aliniagizia kengele mpya, akaifunga yeye mwenyewe, akaniambia ile ya zamani ilikuwa nzima, ilisema kweli kila ilipolia.

Baadaye wiki hiyo, kwenye foleni ya duka la dawa, nilisimama nyuma ya binti mkubwa wa Onezime Daigle. Nilimpa pole. Na kwa kuwa sikuweza kujizuia, nikamwambia kwamba mimi pia jiko la vidonge nusura linimalize, kwa hiyo naelewa. Alinitazama bila kuelewa.

"Jiko gani? Baba alitumia mafuta maisha yake yote. Ulikuwa moyo. Alikuwa anautibu miaka sita."

Kwa hiyo mifuko yote ile ya vidonge vizuri ilikaa ghalani chini ya turubai kwa ajili ya maneno yaliyotoka kwenye sufuria ya maharage. Sasa naichoma yote, moto wake hauna kasoro. Thelma hakukumbuka kama alisema. Nilikwenda kwake kuomba pipa langu, nikamkuta amelijaza udongo na udongo umeganda kama jiwe. Tulilipindua tukalimwagia maji ya moto, wanawake wawili wazee kwenye theluji, mpaka likaachia. Alisema mimi na mume wangu wote wawili hatujawahi kuwa na akili timamu. Nilimwambia mume wangu alikuwa nayo.

Nimelirudisha mahali pake. Kila siku, baada ya chai, nazunguka nyuma na sepetu nakwangua theluji mdomoni mwa pipa. Upepo wa kaskazini unaingia pale unapiga mluzi kidogo, na nausikia hadi sebuleni.

Janelle hajaja tena. Alisema tutaona, majira ya machipuko, barabara zikiwa nzuri. Sikumsukuma. Kichwa changu kimepona. Miguu imepona. Kilichobaki, sasa najua, ndio upweke wenyewe, na, wenzangu, haufanani na ule wa kwanza hata kidogo. Hauumizi kichwa. Ukiwa nao unasikia kila kitu vizuri.

Ila kila Jumapili ananipigia simu. Ananionyesha mtoto, amekaa sasa, ana meno mawili. Na kabla ya kuaga anasema, "Haya, Mama." Mimi nainuka, nasogeza simu karibu na rafu, nabonyeza kitufe cha kengele, na inalia. Anasikiliza mpaka mwisho. Halafu ndio anasema kwaheri.

Mambo ya kuepuka:

Usifunike bomba lolote linalotoka kwenye ukuta wa nyumba yako hata kama unadhani halifanyi kazi. Uliza kwanza ni la nini.

Usidhani jiko lina bomba moja. Lina la kutoa na la kuvuta. Yote mawili yaangaliwe kila theluji inapoanguka.

Usitupe kifaa cha marehemu kabla hujajua alikitumia wapi.

Usibadilishe vidonge kwa sababu ya uvumi.

Usisafishe ndani mara kumi kabla hujaangalia nje mara moja.

Moto ukiwa mrefu, mzito na wa rangi ya chungwa, na kioo kikawa cheusi kila siku, usiendelee kuwasha jiko. Zima, vaa blanketi, nenda kwa jirani.

Usitoe betri kwenye kengele. Ikilia, toka nje na uliye naye, kisha piga simu ukiwa nje.

Ukiumwa kichwa nyumbani na kupona ukitoka, usiseme ni huzuni.

Usimlaze mtoto kwenye chumba cha jiko ambalo hujamwambia mama yake ukweli juu yake.

Usiseme ni maikrowevu.